Kazi ya Hiari na Ujumbe wa Papo Hapo: Historia Fupi kwa Jicho la Bukoba na Muleba

Hakuna jambo lipimalo umoja wa watu kama msiba. Katika Bukoba na Muleba mtu akifariki, jirani hawaanzi kwa kuuliza marehemu ameacha mali kiasi gani. Huuliza nani amekwisha kupewa habari na nani bado. Habari hutangulia jeneza, hutangulia sanda, hutangulia kuni, maji na chakula cha waombolezaji. Kitenzi cha Kihaya okujuna maana yake ni kusaidia, na kutokana na kitenzi hicho vyama vya kuzikana na kufaana huko vijijini vimepata jina la bujuni. Watafiti waliokitazama kijiji cha Nyakatoke, katika wilaya ya Bukoba Vijijini, mwaka 2000, walikuta kaya 119 zilizofungamana kwa mikopo, kwa zawadi na kwa vyama vya namna hiyo, kama uzi ufungamanavyo katika mkeka. Vyama hivyo havina mishahara. Vina kanuni, vina daftari, na vina zamu.

Zamani habari ya msiba ilikwenda kwa miguu ya vijana, na yowe likapokewa kutoka kibanja hadi kibanja, migomba ikiwa imefunika njia. Habari ya utawala ilikuwa na ngoma yake. Leo habari zote mbili hupita katika simu ya mkononi. Ujumbe huandikwa Kemondo, ukasomwa Kamachumu, Nshamba na Dar es Salaam, hata Ulaya, kabla yule aliyeuandika hajairudisha simu mfukoni. Watu wa ukoo mmoja waliotawanyika katika nchi nne hukusanyika katika baraza moja lisilo na ukuta, wakachanga fedha za mazishi, wakagawana kazi, wakaagana.

Msomaji akiuliza njia hii ilichongwa na nani, wengi watamjibu kwa kutaja jina la kampuni moja tajiri ya Marekani. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni historia ya watu waliofanya kazi kwa hiari, usiku, baada ya masomo au baada ya kazi ya mshahara, wakatunga programu za kupelekeana ujumbe na kuziacha wazi ili kila atakaye azichukue, azisome, azitengeneze na kuzigawa. Historia hiyo haijaandikwa sana kwa Kiswahili. Nia ya insha hii ni kuieleza kwa ufupi, kisha kuuliza swali ambalo watu wa bujuni wangeliuliza mara moja: katika daftari la kazi hii, jina letu limeandikwa wapi?

Tuanze na mwaka 1996, kwa kuwa mwaka huo haujasahauliwa katika Kagera. Jioni ya tarehe 20 Mei meli ya MV Bukoba iliondoka katika bandari ya Bukoba, ikapitia Kemondo, ikielekea Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 ilipinduka ziwani, si mbali sana na Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa hiyo hata hesabu ya waliokufa imebaki kuwa ya makadirio. Habari zilifika majumbani kwa redio, kwa simu chache za mezani na kwa midomo ya wasafiri. Familia nyingi zilikaa siku kadhaa bila kujua kama waombolezao ni wao au ni jirani. Aliyepata kungoja habari ya namna hiyo anajua kwamba njia ya ujumbe haiwezi kuhesabiwa pamoja na mapambo ya maisha.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, katika nchi ya Israel, kampuni ndogo iliyoitwa Mirabilis ilitoa programu ya ICQ. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yenye intaneti aliweza kuona ni rafiki gani naye amekaa mbele ya kompyuta yake, akamwandikia neno, naye akajibu papo hapo. Mwaka 1997 kampuni ya Marekani, AOL, ilitoa programu yake, iliyojulikana kwa kifupi kama AIM. Kampuni nyingine zikafuata. Kila moja ilijenga nyumba yake na kuizungushia ukuta. Aliyekuwa katika nyumba ya AOL hakuweza kusema na aliyekuwa katika nyumba ya Yahoo, ingawa wote wawili walitumia waya zile zile na kompyuta za namna moja. Ukuta huo haukuletwa na maumbile ya mashine. Ulikuwa ukuta wa biashara.

Hapo ndipo watu wa hiari walipoingia. Lakini kabla ya kuwataja yafaa tueleze programu huria ni nini, maana jina hili hutumiwa ovyo. Programu ya kompyuta hutungwa kwa maandishi ambayo mwanadamu mwenye ujuzi aweza kuyasoma, kisha hugeuzwa kuwa amri zinazofahamika kwa mashine tu. Kampuni nyingi huuza zile amri na kuyaficha maandishi. Mwaka 1983 Richard Stallman, wa Marekani, alitangaza mradi wa GNU, akishikilia kwamba maandishi yasifichwe. Na mwaka 1989 ikatolewa leseni ya GPL, ambayo inampa kila mtu ruhusa ya kuisoma programu, kuibadili na kuigawa, kwa sharti moja kubwa: atakayeigawa kwa wengine aigawe pamoja na maandishi yake na ruhusa zile zile alizozipokea. Kwa maneno mengine, aliyekaribishwa haruhusiwi kuufunga mlango nyuma yake.

Mwaka 1998 Mark Spencer, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, alianza kutunga programu ya kumwezesha mtumiaji wa Linux kusema na watu wa AIM. Akaiita GAIM, akaitoa chini ya leseni ya GPL. Haukupita muda mrefu wengine wakaja, na kazi ikatoka mikononi mwake ikawa kazi ya wengi. Yafaa tuitazame kazi yenyewe ilikuwa ya namna gani, kwa sababu watu hudhani kwamba katika shughuli hizi anayefaa ni fundi wa kutunga programu peke yake. Wako waliotunga, ndiyo. Lakini wako pia waliochunguza jinsi nyumba za kampuni zilivyosema zenyewe kwa zenyewe. Kanuni nyingine zilikuwa siri, nao wakazifumbua kwa kutazama ujumbe upitavyo, neno kwa neno. Wako waliojaribu kila toleo jipya na kuandika kasoro walizoziona. Wako waliotafsiri maneno ya programu katika lugha zao. Wako waliochora alama, waliotunga maelezo ya matumizi, na waliokaa saa nyingi kujibu maswali ya wageni wasiojua lolote. Kazi hizi zote ni kama za matanga: anayechimba kaburi huonekana, anayeteka maji haonekani, na bila maji hakuna matanga.

Kidogo kidogo programu ya GAIM ilijifunza kuingia katika nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Aliyeitumia aliweza kuwa na jamaa katika AIM, wengine katika ICQ, wengine katika Yahoo, na kuzungumza nao wote katika dirisha moja. Kuta zilibaki, lakini mtumiaji hakuziona tena. Kampuni ya AOL haikupendezwa na jina la programu, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na herufi za jina lake la biashara. Mabishano ya kisheria yalikwenda kwa miaka, na mwezi wa Aprili mwaka 2007 yakamalizika kwa mapatano. Programu ikaitwa Pidgin, na maktaba yake ya ndani, ile sehemu inayojua kusema na kila nyumba, ikaitwa libpurple. Maktaba hiyo ilitumiwa pia na programu nyingine, kama Adium ya kompyuta za Apple.

Jina la Pidgin lina mafunzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Pijini ni lugha ya mapatano, izaliwayo pale watu wa lugha mbalimbali wanapokutana kwa biashara au kazi bila ya kuwa na lugha moja. Haina watoto waliozaliwa nayo. Wako wageni waliopata kukidhania Kiswahili kuwa ni lugha ya namna hiyo. Walikosea. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, yenye wenyewe na yenye ushairi wa karne nyingi katika pwani. Lakini huduma ya kuunganisha waliyoifanya waundaji wa Pidgin kwa hiari, Kiswahili kiliifanya katika nchi za ziwa bila ya kuamriwa na yeyote. Katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara wa pwani ilifika Karagwe, wakaweka kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mtawala Rumanyika. Hapo Kiswahili kiliwakutanisha wenyeji na wageni, kikaendelea hivyo Bukoba mjini ulipoanzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha kwa niaba ya Wajerumani, na kinaendelea hivyo sokoni na bandarini hata leo. Mhaya hakuacha Kihaya chake, wala Msukuma Kisukuma chake. Kila mmoja alibaki na nyumba yake, ila ukuta haukumzuia kusema.

Isidhaniwe kwamba kazi ya hiari haina ugomvi. Mwanzoni mwa mwaka 2008 waundaji wa Pidgin walibadili sanduku la kuandikia ujumbe: lilikuwa likivutwa na mtumiaji apendavyo, sasa likajipanua na kujipunguza lenyewe. Jambo dogo, mtu angesema. Watumiaji wengi walikasirika, wakataka lirudishwe kama lilivyokuwa. Waundaji wakakataa, wakisema wao ndio wenye kazi na wana sababu zao. Basi wengine wakayachukua maandishi ya Pidgin, kama leseni ilivyoruhusu, wakatoa programu yao wenyewe iliyoitwa Funpidgin, kisha Carrier. Pidgin iliendelea; ile nyingine haikudumu. Katika kisa hiki muna mambo mawili ya kufikiriwa. La kwanza, uhuru wa kuondoka ulikuwa wa kweli: asiyeridhika hakulazimika kunung'unika tu, aliweza kuchukua nakala yake na kwenda zake. La pili, uhuru wa kuondoka ni rahisi kuliko mzigo wa kuendeleza. Kuvunja chama ni kazi ya jioni moja. Kuweka daftari la chama ni kazi ya miaka.

Tukiacha Pidgin, iko njia ya pili ya historia hii, na hiyo ndiyo inayofika moja kwa moja katika simu za Bukoba na Muleba. Mwezi wa Januari mwaka 1999 Jeremie Miller, kijana wa mji mdogo wa Cascade katika jimbo la Iowa, nchi ya mahindi na mifugo, alitangaza mradi aliouita Jabber. Yeye hakutaka kuingia katika nyumba za wengine kwa kufumbua siri zao. Alitaka pawe na kanuni za wazi za kupelekeana ujumbe, ili kila mtu, kila chuo na kila kijiji kiweze kuwa na seva yake, na seva hizo zipokezane ujumbe kama posta zinavyopokezana barua. Mtu wa posta ya Muleba haulizwi ni kwa nini barua yake inakwenda Mombasa. Kanuni hizo zilipata jina la XMPP, zikatangazwa rasmi mwaka 2004 na chombo cha kimataifa kinachotunza kanuni za intaneti.

Kanuni peke yake ni maandishi. Zataka mashine ya kuzitekeleza. Mwezi wa Novemba mwaka 2002 Alexey Shchepin, Mrusi, alianza kutunga seva ya kanuni hizo, iliyoitwa ejabberd. Aliitunga kwa lugha ya Erlang, iliyobuniwa ndani ya kampuni ya simu ya Ericsson nchini Sweden na kuachwa huria mwaka 1998. Kwa sababu hiyo seva yake ilikuwa na nguvu ya kuhudumia watu wengi mno kwa wakati mmoja bila kuanguka. Wengine wakamsaidia, na programu ikagawanywa bure chini ya leseni ya GPL.

Mwaka 2009 Jan Koum na Brian Acton walianzisha WhatsApp. Hawakuanza na uwanja mtupu. Waliichukua ejabberd, na kanuni za XMPP wakazirekebisha kwa haja zao. Baadaye sehemu nyingi za seva hiyo wakaziandika upya. Mwezi wa Februari mwaka 2014 kampuni ya Facebook ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Wakati huo ilikuwa na wafanyakazi wapatao 55, na watumiaji milioni 450 kila mwezi. Watu 55 wasingaliweza kuwahudumia milioni 450 kama wangalilazimika kuchimba kila msingi kwa mikono yao. Msingi waliukuta umekwisha kuchimbwa, na wachimbaji hawakudai ujira.

Hapa mwanafunzi wa sheria atauliza: je, leseni ya GPL haikuwalazimisha kurudisha walichokibadili? Haikuwalazimisha. Sharti lake humshika anayegawa nakala ya programu kwa wengine. Yule anayeiendesha katika mashine zake mwenyewe, akawauzia watu huduma tu, halimshiki. Walifuata sheria. Lakini tena WhatsApp ilijengwa kama nyumba zile za kwanza, yenye ukuta wake, ambamo mwenye seva yake mwenyewe hakuruhusiwa kupeleka ujumbe ndani. Hivyo jiwe lililochongwa kwa ajili ya daraja lilitumiwa kujengea boma. Haifai kusema kwamba hakuna kilichorudishwa: mwezi wa Novemba mwaka 2014 Koum alitoa dola milioni moja kwa taasisi ya FreeBSD, mfumo huria ambao seva za WhatsApp ziliuegemea. Ni zawadi kubwa, na ni ya kusifiwa. Lakini zawadi hutolewa kwa ukarimu wa mtoaji, hali mchango wa bujuni hutolewa kwa kanuni. Na tofauti kati ya mambo hayo mawili kila mjane anaifahamu.

Iko pia njia ya tatu, ya siri ya ujumbe. Mwaka 2004 wanazuoni watatu, Nikita Borisov, Ian Goldberg na Eric Brewer, walieleza namna ya kuufunga ujumbe kwa fumbo, ili usomwe na yule aliyeandikiwa tu, na hata fumbo moja likivunjwa, mazungumzo yaliyopita yabaki salama. Namna hiyo waliiita OTR, ikatolewa kama kipande cha kupachikwa katika programu ya Gaim. Mawazo yake yalirithiwa na kukuzwa na waundaji wa programu huria ya Signal, na mwezi wa Aprili mwaka 2016 kanuni za Signal zikatiwa katika WhatsApp kwa watumiaji wote. Kwa hiyo mama wa Muleba anayemwandikia mwanawe habari ya ugonjwa wa nyumbani, na habari hiyo isisomwe njiani, analindwa na kazi iliyoanza kama kipachiko cha programu ya hiari ambayo hakupata kuisikia jina.

Sasa turudi katika hatari. Mwaka 2005 kampuni ya Google ilitoa huduma ya Google Talk kwa kanuni zile za XMPP, na mwaka 2006 ikafungua mlango wa kupokezana ujumbe na seva za wengine. Wapenzi wa kanuni huria walifurahi mno. Mwaka 2013 Google ilileta huduma nyingine, Hangouts, iliyoziacha kanuni hizo, na mlango ukaanza kufungwa. Nayo AIM, ile nyumba ya zamani, ilizimwa tarehe 15 Desemba mwaka 2017. Wenye mali walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini kwetu, ambao tumeyahamishia matanga yetu, michango yetu na baraza za ukoo wetu katika nyumba za namna hiyo, visa hivi vyatosha kutufundisha kwamba kukaribishwa si kumiliki. Ngoma ya kijiji ikipasuka, fundi wa kijiji huiwamba ngozi nyingine. Nyumba ya ujumbe ikifungwa kwa shauri lililokatwa mbali, sisi tutawamba nini?

Hilo ndilo linalotuleta kwenye swali la daftari. Je, wasemaji wa Kiswahili wametoa nini katika kazi hii? Wametoa, wala si haki kusema kwamba mikono yetu ilikuwa mitupu. Kamusi elezo huria ya Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na makala zake zimeandikwa na watu wa hiari. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Mafundi wa kompyuta na wataalamu wa lugha walikaa pamoja, wakakata mashauri juu ya maneno mamia kwa mamia: hiki kiitwe faili, kile kiitwe kipanya. Kazi hii ilikuwa mwana halali wa kazi ya zamani, iliyoanzwa na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, ikaendelezwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili tangu mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967.

Lakini tafsiri ya programu si kama tafsiri ya kitabu. Kitabu kikitafsiriwa hubaki kimetafsiriwa. Programu hutolewa upya kila mwaka, na kila toleo lina maneno mapya. Tafsiri isiyopaliliwa huanza kuonyesha kipande cha Kiswahili na kipande cha Kiingereza, mpaka mtumiaji akaona afadhali Kiingereza kitupu. Mwenye kibanja anafahamu jambo hili bila kufundishwa. Migomba haihitaji shujaa wa siku moja. Yahitaji mtu wa kupogoa majani, kuweka matandazo na kung'oa magugu, mwaka hata mwaka, na mtoto wa kumrithi akizeeka. Miradi mingi hupata shujaa wa siku ya kwanza. Wa kuirithi ndiye aliye adimu.

Kuna pingamizi moja ambalo mwandishi hawezi kulipita. Mtu atasema: kazi ya hiari ni anasa ya wenye nafasi. Mwanafunzi wa Alabama mwaka 1998 alikuwa na kompyuta, umeme na intaneti ya chuo, wakati ambapo mwenziwe wa Bukoba hakuwa na kimojawapo. Pingamizi hili ni la kweli. Waya wa kwanza wa baharini wa kutuletea intaneti ya haraka, ule wa SEACOM, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, kwa bei isiyoshikika. Kwa hiyo miaka ambayo Gaim na Jabber zilijengwa, kukosekana kwa mikono yetu hakukuwa uvivu. Kulikuwa na sababu, na sababu hiyo yapasa iandikwe katika historia, ili wajukuu wasitudhanie vibaya.

Hata hivyo pingamizi hilo halifiki mbali kama linavyotaka kufika. Vyama vya bujuni havikuanzishwa na watu wenye nafasi. Vilianzishwa na watu wasiokuwa na ziada, kwa sababu hiyo hasa, kwamba aliye peke yake hawezi kuukabili msiba. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walipotambuliwa mwaka 1983, walikuwa wa Kagera, na miaka iliyofuata vyama hivyo vilibeba mazishi kuliko walivyotazamia waanzilishi wake. Havikusimama kwa wingi wa fedha. Vilisimama kwa mambo matatu: kanuni zinazojulikana na wote, daftari linaloonyesha nani ametoa na nani bado, na zamu inayohakikisha kwamba aliyechoka anapokewa. Ajabu ni kwamba mambo hayo matatu ndiyo yale yale yanayozidumisha programu huria. Leseni ni kanuni. Kumbukumbu ya mabadiliko, ambamo kila badiliko huandikwa pamoja na jina la aliyelifanya, ni daftari. Na mradi usio na zamu hufa pamoja na mwanzilishi wake. Mark Spencer aliiacha Gaim mikononi mwa wengine zamani sana, nayo ikaendelea. Hiyo ni sifa yake kubwa kuliko kuianzisha.

Kwa hiyo mtu wa Bukoba au Muleba aingiapo katika kazi hii haingii kama mgeni wa desturi yake, hata akiwa mgeni wa mashine zake. Yapo yanayoweza kufanywa na mwanafunzi mwenye simu na saa moja kwa juma. Kutafsiri maneno hamsini kwa makini, baada ya kuitazama kamusi na kuwauliza wakubwa, ni mchango. Kuandika kasoro kwa usahihi, ukieleza ilitokea wapi na baada ya kufanya nini, ni mchango. Kuwafundisha wenzako tofauti kati ya nyumba ya kupanga na nyumba ya kujenga ni mchango. Na wanazuoni wetu wanayo yao: kukusanya historia ya waliotangulia, tangu wale wa Kilinux, kabla haijapotea, maana kazi ya hiari ina ubaya mmoja, kwamba kwa kuwa haikuandikiwa hati ya mshahara, husahauliwa upesi.

Tangu mwaka 1996 tumepata nyumba nzuri ya kukaribishwa. Tumekaa barazani, tumelishwa, tumewazika jamaa zetu kwa msaada wa wenyeji tusiowajua kwa sura. Wazee wetu waliweka kanuni ya ugeni tangu zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu imekwisha kupambazuka. Jembe lipo mlangoni, wala halina jina la mtu.